Kwa Koku, Aliyeniita Mwalimu

Ndama, Jumapili jioni

Mwanangu Koku,

Salamu tulikwisha kupeana asubuhi, wewe umepiga goti na mimi nimeitikia, kwa hiyo hapa nitaziruka. Umekwenda kumuaga jirani yetu, Mama Eliada, na ninavyomjua mama yule hatakuachia mpaka ule kwake mara mbili. Mimi nimekuja kukaa huku darasani kwa sababu meza ya nyumbani imejaa vitu vyako vya safari ya chuoni, na kwa sababu, niseme kweli, mle ndani nimeshindwa kukaa. Niliona sanduku lako limekwisha kufungwa kamba, nikatoka nje kama mtu aliyefukuzwa.

Habari za nguo, dawa ya homa, na jinsi msichana anavyopaswa kukaa kwenye lori sitazigusa. Mama Eliada amekueleza hayo yote wiki nzima, kwa sauti ambayo nadhani hata watu wa Kituntu wameisikia. Mimi nina neno moja tu. Tangu Alhamisi nimejaribu kulisema kwa mdomo, na kila nikifungua mdomo najikuta nakuuliza kama mvua itanyesha. Umenijibu vizuri kila mara, na mvua haijanyesha.

Neno lenyewe ni hili. Msimamizi wa shule za misheni alipopita hapa Alhamisi, alinivuta pembeni karibu na mibuni akaniambia kwamba wasichana wanaomaliza chuo cha ualimu hupangiwa kazi na misheni, na kwamba anajua darasa la watoto wadogo hapa Ndama halina mwalimu. Nikikubali tu, ataandika jina lako, na ukimaliza masomo utaletwa hapa, ufundishe chumba cha pili na ulale nyumbani kwenu. Alisema mimi ni baba, tena ni mwalimu mkuu, hakuna atakayenikatalia. Anataka jibu kesho, maana atapanda lori hilo hilo utakalopanda wewe. Akishaandika huko Bukoba, si wewe wala mimi tutakaoweza kulifuta.

Sikukuambia kwa sababu najua unachotaka. Mama Eliada si mtu wa kukaa na siri. Amenieleza ulivyomwambia kwamba ungependa kufundisha mbali, Biharamulo au hata kupita huko, mahali ambapo hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani. Nilicheka mbele yake, nikamwambia vijana ndivyo walivyo. Kisha nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni kwenye kigoda cha mama yako mpaka moto ukazimika wenyewe.

Koku, sitaki uende. Nimeliandika, na ulisome hivyo hivyo. Tangu mama yako afariki, nyumba yetu ina watu wawili. Wewe ukiwa bweni huwa na mmoja, lakini huyo mmoja huwa anangoja likizo. Kuanzia kesho sijui atakuwa anangoja nini. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu aliyekwisha amua. Naandika ili nijue kesho nitamwambia nini yule mzee.

Huko chuoni watakufundisha somo linaloitwa saikolojia. Sisi tuliambiwa ni elimu ya nafsi za watoto, tukadhani ni habari za dini. Nilipelekwa kwenye kozi hiyo Bukoba nikiwa nimekwisha fundisha miaka mingi, fimbo yangu inang'aa kwa kushikwa. Mkufunzi alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi, na siku ya kwanza alituambia hivi: mtoto akishindwa, msikimbilie kuuliza kwa nini hajui, ulizeni anapata nini kwa kutokujua. Tulicheka sana. Mwalimu mmoja aliuliza mtoto anapata nini kwa kuchapwa, na mkufunzi akamjibu kwamba hilo ndilo swali lenyewe, aende nalo kwake akalijibu.

Nilirudi Ndama nikiwa nimeudhika. Nilijiona nimepotezewa wakati. Lakini darasani kulikuwa na kijana aliyekuwa ananisumbua, na wewe unamkumbuka, Kagaruki, yule mwembamba aliyekuwa anakuja na kaka yake Byabato kutoka ng'ambo ya kilima. Walikuwa darasa moja kwa sababu Byabato alichelewa kuanza. Alikuwa na ng'ombe wa kuchunga.

Siku hizo niliwakalisha watoto kwa alama. Aliyeongoza alikaa gogo la mbele karibu na mlango, penye mwanga, na wa mkia alikaa nyuma kabisa, chini ya paa linalovuja. Kila mwezi tulipanga upya. Kagaruki aliongoza, nikamweka mbele, na Byabato akabaki katikati na migongo ya watoto mbele yake. Basi mwezi uliofuata Kagaruki hakujua kitu. Hesabu ya darasa la kwanza ilimshinda. Kusoma alisoma kama anayetafuna mchanga. Nilimchapa kwa uvivu, nikamchapa kwa kiburi, mwisho nikamchapa kwa sababu nilikuwa sijui la kufanya. Akaenda kukaa nyuma chini ya matone, na ninakuapia, alikuwa anaonekana ametulia.

Siku moja nilikwenda kwao kumjulia hali bibi yao, kizee asiyeona. Kabla sijabisha hodi nilisikia mtu ndani anasoma Injili, anateremka nayo bila kujikwaa, anapumzika panapotakiwa kupumzika. Nilidhani ni mchungaji amekuja. Nikachungulia: Kagaruki, kakaa miguuni pa bibi yake. Mara Byabato akaingia kwa mlango wa nyuma na mzigo wa nyasi, na yule mtoto akaanza kusoma kwa kugugumia, neno moja moja, kama alivyokuwa anafanya darasani.

Bibi ndiye aliyenieleza, tena kwa upole wa mtu anayeongea na mjinga. Byabato ndiye mrithi wa nyumba ile. Ndiye anayenawa kwanza, anayeonja kwanza, anayetangulia njiani. Mimi nimemkalisha mdogo wake mbele yake machoni pa watu. Tangu siku hiyo Byabato alikuwa hali tena na mdogo wake kwenye jani moja la mgomba. Alichukua chakula chake akaenda kula peke yake mgombani. Hakumpiga, hakumtukana. Alihama tu. Kagaruki naye akaona afadhali kuwa mjinga kuliko kukosa kaka.

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Na usifikiri niliteleza kwa sababu mimi si Mnyambo kama watu wa hapa. Hata kwetu Muleba ni hivyo hivyo; mimi mwenyewe ni mdogo, na maji ya kunawa sikuwahi kuyagusa kabla ya kaka yangu mpaka alipooa. Nilikuwa ninajua yote hayo. Ila nilidhani mtoto akiingia mlango wa shule anayaacha nje, kama anavyoacha fimbo ya kuchungia.

Nikavunja ule mpango wa magogo, kila mtu akakaa anapotaka. Na nikaanza kumwuliza Byabato kwanza. Swali lolote, liwe gumu liwe jepesi, nilisema, Byabato, wewe mkubwa unasemaje? Akisema, vibaya au vizuri, nilimshukuru, halafu nikauliza nani anamsaidia kaka. Mara ya kwanza Kagaruki aliangalia miguu yake. Wiki ya pili alinyanyua kidole kidogo. Kabla ya muhula kwisha alikuwa anasoma mbele ya darasa zima na kaka yake amekaa anatikisa kichwa kama mwenye mali. Na Byabato, kwa kuwa alijua ataulizwa yeye kwanza, akaanza kumlazimisha mdogo wake amfundishe njiani, mpaka naye akaamka. Msimamizi wa wakati ule alinigombeza kwamba ninapoteza muda kwa mtoto mzito. Nilimwacha aseme. Kagaruki leo ni karani huko Bukoba, na akija likizo hufikia kwa kaka yake kabla ya kwenda popote.

Kozi iliyofuata nilisimama nikalieleza jambo hili mbele ya walimu wote, na mkufunzi akaacha kukohoa ili asikie vizuri. Walinipigia makofi. Nilitembea Bukoba siku ile kifua mbele, nikamnunulia mama yako kitambaa cha kichwa, nikajiona nimefika. Nilikuwa fundi wa watoto walionyamaza.

Sasa nikuulize kitu ambacho sijawahi kukuuliza. Wewe ulikuwa umekaa wapi siku hizo? Mimi ninajua. Ulikuwa karibu na dirisha, upande wa mibuni, na ulikuwa umekwisha nyamaza zamani kuliko Kagaruki.

Siku yako ya kwanza shuleni ulikuwa na miaka saba hivi. Ulikuwa umeandika herufi mchangani kwa kidole, ukafurahi nayo, ukaniita kwa nguvu kutoka kule ulikokaa, kama ulivyomwita baba yako nyumbani: Tata, njoo uone. Darasa zima likacheka. Ningeweza kucheka nao, ningekuja kuiona hiyo herufi, yangekwisha. Badala yake nilikutoa nje ukasimame chini ya upenu mpaka kengele ya kwenda nyumbani, nikakuambia mbele ya wote, "Hapa hakuna Tata. Hapa kuna Mwalimu."

Kwa nini? Kwa sababu ya hofu, Koku, basi. Wazazi wa hapa walikuwa wameniletea watoto kwa shingo upande, watoto wenyewe wanahitajika kwenye mavuno ya kahawa, na kulikuwa na mmoja aliyesema waziwazi, mlangoni pa kanisa, kwamba Mhaya amekuja kujijengea shule ya kumsomesha binti yake kwa jasho lao. Maneno yale yalinikaa rohoni. Niliapa hakuna atakayenikuta nakupendelea. Na kweli hakuna aliyenikuta.

Jioni ile uliniletea maji ya kunawa, ukapiga goti, ukasema, "Maji, Mwalimu." Mama yako akacheka. Mimi pia nikacheka, nikasema huyu atafika mbali. Nilidhani ni mchezo wa wiki moja. Baada ya mwezi mama yako hakucheka tena. Baada ya mwaka nilikuwa nimezoea, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote: nilikuwa najivunia. Wageni wakija nilikuwa nakuita ili wakusikie, waone mtoto wa Mwalimu alivyo na adabu.

Darasani ulinyanyua mkono na mimi nikaangalia kwingine. Mwenzako akikosea nilimkosoa, wewe ukikosea nilikukemea. Ulipopata alama nzuri nilitafuta kosa mpaka nikalipata. Ukaacha kunyanyua mkono. Nikamwambia mama yako kwamba una akili lakini huna mdomo, umerithi kwao. Kisha ukafaulu kupanda darasa, nami nikakurudisha, kwa sababu mtoto wa yule mzee wa mlangoni pa kanisa alikuwa ameanguka, na niliogopa macho yake. Wenzako walipanda wakakuacha. Hukulia. Uliendelea kukaa karibu na dirisha na watoto wadogo, ukiwasaidia kuchonga kalamu.

Mimi, mwenye swali la mkufunzi kichwani, niliyelipeleka mpaka nyumbani kwa watu, sikuwahi kulielekeza kwako. Leo nimelielekeza. Ulikuwa unapata nini kwa kunyamaza? Jibu si gumu. Ulikuwa unapata baba aliyeridhika. Ulipoongea nilikuwa mkali, uliponyamaza nilikuwa na amani. Ulinisoma haraka kuliko nilivyokusoma, ukanipa nilichotaka.

Mama yako aliliona. Siku niliporudi na makofi yangu kutoka Bukoba alinisikiliza mpaka mwisho, akakikunja kile kitambaa akakiweka pembeni, akaniambia, "Watoto wa watu umewapata wote. Huyu wa kwako umemweka wapi?"

Nilichukua taa nikaenda kusahihisha kazi za watoto, na kitambaa kile hakukivaa mpaka Krismasi. Hakulirudia tena neno lile. Alikuwa na tabia hiyo, alisema jambo mara moja tu, ukilidondosha shauri yako.

Halafu akafariki, katika mvua zile, wewe ukiwa likizo kutoka bweni. Siku ya maziko unaikumbuka kuliko mimi, mimi nakumbuka vipande vipande. Kipande kimoja nakikumbuka chote. Watoto wa shule walipanga mstari mlangoni wakawa wanapita mmoja mmoja, wananipa mkono na kusema, pole Mwalimu, pole Mwalimu. Nilikuwa natazama mikono tu. Mwisho wa mstari ukaja mkono mwingine, nikaujua kabla sijainua macho. Ukasema, "Pole, Mwalimu." Macho yako yalikuwa yamevimba kwa kulia, na ulikuwa umelilia begani kwa Mama Eliada. Kwangu ulikuja kwenye foleni.

Watu walioniona nalia dakika ile walidhani namlilia mke wangu. Nilikuwa nimemlilia tangu usiku wa jana yake. Pale nilikuwa namlilia binti aliyesimama mbele yangu na asiyejua kwamba anaweza kukaa karibu na mimi.

Tangu hapo nimejaribu, na wewe umeona. Uliporudi nyumbani moja kwa moja miezi hii, nilijisemea kwamba sasa nina nafasi. Nikachukua ufundi wangu wote nikauleta jikoni. Nilikuuliza maswali yasiyo na jibu moja. Nikakusifu kwa mambo madogo. Nikawa nangoja umalize kusema, nisikukatize, nikihesabu pumzi. Siku moja ulikuwa unamenya ndizi, nikakusifu kwa jinsi ulivyozimenya bila kupoteza. Ukanitazama, ukatabasamu kidogo, ukaniuliza, "Hiyo umejifunza Bukoba, Mwalimu?"

Hukuwa na ubaya. Ulikuwa unatania, na nadhani ulikuwa unaniambia kweli vilevile. Mimi nikaona aibu, nikasema ndizi zinaungua, wakati hata motoni zilikuwa hazijawekwa. Tukala. Nimeishi na watu wa ukoo wa mama yako, nimeishi na Wanyambo, nimeishi na wazungu wa misheni, lakini sijawahi kuwa mgeni kama nilivyokuwa mgeni jioni ile mbele ya jani langu mwenyewe.

Kwa hiyo ukifundishwa njia hizo, zishike. Ni nzuri. Zimeokoa watoto wengi kutoka mkononi mwangu. Lakini mtoto hukaa anakusoma kutwa nzima, hana kazi nyingine, na anajua unapomtafuta yeye na unapojitafuta mwenyewe. Kwa Kagaruki nilikuwa namtafuta Kagaruki, kwa sababu sikuogopa kitu kwake. Kwako nilikuwa naogopa watu, na baadaye nikawa nakuogopa wewe. Mtu mwenye hofu akishika njia nzuri huishika vibaya. Utakutana na mtoto wa namna hiyo, ambaye kila ukimkaribia unawaza watu watasemaje, au unawaza atakuona vipi. Huyo usimwache mpaka ujue unachokiogopa ni nini. Mimi nimekijua kwa kuchelewa.

Na utakutana na mtoto mtulivu kupita wote, asiyekupa taabu, ambaye ungeweza kumsahau kutwa. Walimu wanampenda huyo. Mimi nilimpenda mno. Nenda kakae karibu naye siku moja, usimwulize kitu.

Jua linashuka, na Mama Eliada bado hajakuachia. Nimenyanyuka kidogo nikaenda kusimama kwenye chumba cha pili. Kimejaa mavumbi na kuku wa jirani ametaga pembeni. Nimekuwaza umesimama pale ubaoni. Nimewaza jinsi nitakavyokuwa nafundisha hesabu upande huu na sauti yako inapita juu ya ukuta, maana ukuta wenyewe haufiki paani. Nimewaza mchana tunafunga shule tunateremka pamoja kupitia mgombani. Nimewaza moto jikoni ukiwashwa na mtu mwingine. Raha niliyoisikia pale, Koku, ilikaribia kunifanya niende sasa hivi kwa msimamizi alikolala nimwambie andika, andika sasa.

Kisha nikajiuliza lile swali la yule mtu wa kikohozi. Mimi ninapata nini?

Nitakuambia nilichokiona, na hakikunifurahisha. Najijua. Siku ya kwanza wazazi watasema binti wa Mwalimu kapewa kazi na baba yake. Na mimi, kabla hawajamaliza kusema, nitakuwa nimekwisha ingia darasani kwako na kukukagua kuliko ninavyomkagua mwingine yeyote. Nitakupangia zamu za asubuhi. Nitakukosoa mbele ya watoto ili wazee wasikie. Wewe utasema ndiyo Mwalimu, na safari hii utakuwa na haki ya kusema hivyo, maana nitakuwa mkuu wako kwelikweli. Jioni tutarudi nyumba moja, mkuu wa shule na mwalimu wa darasa la watoto, tutakula. Ningekuwa na mtu nyumbani. Nisingekuwa na wewe.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu hapa kwenye gogo. Nimeligeuza kila upande nikitafuta pa kulipitia, kwa sababu ninaitaka ile sauti juu ya ukuta. Sikuona njia.

Basi kesho nitamwambia msimamizi hapana. Nitamwambia akupange anakoona wanakuhitaji, na akiniuliza maoni nitamtajia Biharamulo. Atashangaa. Huenda akadhani tumegombana. Mwache adhani.

Nimekwisha watangazia watoto kwamba kesho asubuhi hakuna shule. Walishangilia kama wendawazimu, hawakuuliza hata sababu. Nitalibeba sanduku lako mpaka barabarani, na tafadhali usininyang'anye njiani kwa heshima. Barua hii nitakuwa nimeifungulia ile kamba ya sanduku usiku na kuiweka chini ya nguo zako, utaikuta mbali. Nimefanya hivyo makusudi. Sitaki uisome nikikutazama usoni, ukaona unapaswa kunijibu, ukatafuta jibu la kuniridhisha kama ulivyofanya miaka yote. Safari hii usiniridhishe. Kama una hasira, kaa nayo, ni yako. Kama huna la kuniandikia, usiandike.

Ila hili moja nataka ulijue. Ukiletwa Ndama kwa amri yangu, utakuwa umekuja kazini. Mimi nataka siku moja uje nyumbani, umepanda lori mwenyewe kwa sababu ulitaka kupanda, hata iwe baada ya miaka mingi, hata iwe kwa siku chache za likizo, na ukifika uniite unavyojua. Nitaitika.

Mzazi wako.